Pikipiki ya Watu Wote

Beringi ilitoka vipande vipande, na kila kipande Wayua alikibwaga chini kana kwamba hicho ndicho kilichomkosea. Alikuwa amepiga magoti mchangani nyuma ya zahanati ya Mkuyuni, gurudumu la nyuma la pikipiki limelala mbele yake. Kutoka ndani ya gurudumu zilimwagika gololi zilizoliwa na kutu, nyekundu kama udongo wa Shimba. Grisi haikuwamo, hata dalili yake. Aliingiza kidole, akakitoa kikavu, akakitazama, na hasira ikampanda hadi masikioni.

"Muema!"

Muema alitokea upande wa tangi la maji, anajifuta mikono kwa suruali. Alikuwa ndiye dereva wa pikipiki ile, kijana aliyekaa Ukunda miaka miwili akarudi nyumbani na miwani ya jua na maneno ya mjini.

"Nilikuambia nini juu ya beringi?"

"Uliniambia nitie grisi, sista."

"Ukatia?"

"Nikatia. Ulikuwa umesimama hapo hapo, unakula muhogo."

"Iko wapi sasa? Imepaa mbinguni?"

Muema aliinama, akaokota gololi moja, akaigeuzageuza. "Mimi naona ni maji. Hii ni kutu ya maji."

"Maji!" Wayua alicheka kicheko kisicho na raha. "Kaskazi limekausha hata kisima cha shule, watu wanabeba madebe mpaka mto Mukurumudzi, wewe unaniambia maji! Yametoka wapi hayo maji? Pikipiki inalia usiku?"

"Yametoka wapi sijui. Nasema ninachokiona."

"Unasema unachokipenda. Kusema umelala ukasahau grisi, hilo hulipendi."

Muema aliivaa miwani yake ingawa walikuwa kivulini, akaenda zake.

Pikipiki ile ilinunuliwa kwa harambee, kuukuu kutoka kwa mradi mmoja uliofunga ofisi zake. Wakamba wa mashamba ya skimu ya makazi walitoa mahindi na maharage yakauzwa. Majirani zao Wadigo na Waduruma walitoa nazi, korosho na mbuzi. Kamati ikaundwa, na pikipiki ikakabidhiwa zahanati ibebe chanjo na wazazi wenye uchungu hadi hospitalini Msambweni. Ilipofika Mkuyuni mita yake ilikuwa inasoma kilomita elfu themanini na tatu, kisha waya wa mita ukakatika, na tangu hapo hakuna aliyejua imetembea kiasi gani. Kwa kuwa kila mtu alichangia, kila mtu alikuwa na spoku yake katika magurudumu yale. Mwenye msiba aliiazima, na mwenye harusi, na mwenye mgonjwa, na hakuna aliyenyimwa. Kumnyima jirani kitu alichokichangia, tena siku ya msiba, ni jambo ambalo watu wa Mkuyuni wangelisimulia mpaka kwa wajukuu.

Wayua hakupinga hilo. Alizaliwa katika skimu ile, akaenda kusomea uuguzi, akarudi kwa hiari yake wakati wenzake walipokuwa wakitafuta nafasi mjini. Alichodai ni kitu kimoja tu: kila mwisho wa mwezi pikipiki ipumzike, ifunguliwe, oili ibadilishwe, cheni isafishwe na kupakwa mafuta, spoku zikazwe, beringi zitiwe grisi, breki zitazamwe. Chombo kikongwe, alisema, hutibiwa kabla hakijaugua, kama mtoto anavyochanjwa angali anacheza.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Munyoki, mchuuzi wa mahindi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, hakuwahi kuyaelewa mambo hayo. "Pikipiki inanguruma vizuri, wewe unaifungua," alimwambia mbele za watu. "Kesho utampasua kuku uone yai limefika wapi."

Watu walicheka. Wayua alicheka pia, siku hizo.

Aliacha kucheka siku ya Sidi. Ilikuwa mwezi uliopita. Sidi, mke wa Kombe, alishikwa na uchungu, Muema akampakia pikipiki, Wayua akakaa nyuma yao akimshikilia. Walipofika katikati ya mteremko, barabara ambayo mvua za Elnino ziliichimba mwaka juzi na hakuna aliyeifukia, gurudumu la nyuma lilianza kusaga, likayumba, likakwama kabisa. Sidi alijifungua kwenye majani kando ya njia. Mtoto alilia vizuri. Damu ya mama yake ndiyo iliyokataa kukatika. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi walipopata gari, na Wayua alikwenda kando ya kitanda kile njia nzima, mkono wake umekandamiza tumbo la Sidi, akimsemesha asilale. Sidi alipona. Lakini Wayua alibadilisha beringi, akamwamuru Muema aitie grisi, na sasa, kabla mwezi haujaisha, beringi mpya imekuwa unga. Mke wa Garama naye alikuwa anakaribia siku zake za kujifungua, na mteremko ni ule ule.

Kamati ilikutana jioni ile chini ya mabati ya zahanati. Mzee Munyoki hakuzunguka.

"Chombo kimezeeka. Ng'ombe akizeeka huuzwa. Tembo, yule mfanyabiashara wa Lunga Lunga, yuko tayari kuichukua. Jumamosi atakuja kuitazama."

"Na wazazi watabebwa na nini?" Wayua aliuliza.

"Na kilichowabeba mama zetu."

"Mama zetu wangapi walikufa?"

"Binti, usinipandishie sauti. Inaharibika kila siku. Si wewe unayeitunza? Au huko kuitunza kwako ndiko kunakoiharibu?"

Hapo ndipo hasira ya Wayua ilipopotea njia. Haikumwendea Munyoki, aliyestahili sehemu yake. Ilimwendea Muema, aliyekuwa ameketi mlangoni kando ya mama yake, Mama Kalekye.

"Muulizeni yeye!" alisema, kidole kimenyooka. "Pikipiki haina kosa na uzee hauna kosa. Kosa ni la mtu anayeambiwa tia grisi akaenda kulala. Sidi alimwaga damu njiani kwa uvivu wa mtu huyu."

Mama Kalekye aliteremsha macho. Muema alisimama, akautoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, akauweka mezani taratibu mno, kama mtu anayeweka yai.

"Haya," alisema. "Mtafute asiyelala."

Akaenda zake, na mama yake akamfuata.

Wayua aliitengeneza pikipiki peke yake. Alipata beringi nyingine Ukunda, akaipachika, akaijaza grisi mpaka ikatapika pembeni. Aliisugua cheni kwa mafuta ya taa, akaipaka oili pingili kwa pingili. Kila alipokaza nati alikuwa anabishana na Muema moyoni mwake, na kila mara alishinda.

Alhamisi asubuhi Kombe alipiga hodi. Mjomba wake alikuwa amefariki huko Gazi, naye Kombe anamwomba Dada Wayua pikipiki apate kuwahi maziko pamoja na mama mkwe wake, Bi Shutu. Bi Shutu alikuwa amesimama nyuma yake, leso mbili, ndala mkononi ili zisipate vumbi.

"Shikamoo, Bi Shutu. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

Siku hiyo hiyo Wayua alitakiwa kwenda Msambweni kuchukua chanjo. Alimtazama Kombe, akaitazama pikipiki iliyotoka kuiva mikononi mwake, akatoa ufunguo. Angefanya nini? Akadandia lori la nazi na sanduku la barafu mapajani, akiisonya barabara nzima.

Wakati wa kurudi lori liliingia Gazi kupakia boriti. Dereva alimwambia ashuke anyooshe miguu. Wayua alikuwa akitembea pembeni ya mikoko kutafuta kivuli cha kuliwekea sanduku lake aliposikia wanawake wakicheka na maji yakipigwa. Akachungulia.

Pikipiki ilikuwa baharini.

Ilikuwa imelazwa ubavu katika maji ya magotini, na wanawake watatu wameizunguka kama wanaomwosha mtoto mtukutu. Mmoja anasugua spoku kwa mchanga, mwingine anaimwagia kata baada ya kata pale pale katikati ya gurudumu. Bi Shutu, leso ameifunga kiunoni, alikuwa ameishika cheni na kumbi la nazi lililojaa povu la sabuni, akiisugua mpaka chuma kimekuwa cheupe kama jino. Kombe alikuwa ameshikilia usukani, suruali ameikunja. Oili ambayo Wayua aliipaka pingili kwa pingili ilikuwa inaelea juu ya maji, rangi saba, inakwenda zake na mkondo.

Wayua hakujua kama ni yeye aliyepiga kelele ile.

"Mnafanya nini? Mnafanya nini nyinyi? Mnaiua! Mnaiua kwa mikono yenu!"

Aliingia majini na viatu vyake. Alilinyakua lile kumbi mkononi mwa Bi Shutu akalitupa mbali. "Mama mzima huna akili? Chuma kinaogeshwa chumvi? Nani amewaambia? Nani?"

Wanawake waliganda. Huko juu, kwenye nyumba ya matanga, watu walianza kutoka kutazama.

"Dada Wayua," Kombe alisema kwa sauti ya chini, "sauti. Hapa pana msiba."

Bi Shutu alikuwa bado ameinyoosha mikono yake yenye povu, tupu. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "nyungu ya watu hairudishwi na masizi."

"Hii si nyungu!"

"Ni chombo cha kuazima. Sisi tukiazima chombo twakiosha. Kila anayeichukua huiosha, hakuna anayeirudisha na vumbi la watu. Huko juu maji ni ya kunywa, nani atayamwaga kwa pikipiki? Basi tukishuka huku tunaiosha hapa, maji ya Mungu hayaishi." Akasita. "Na mimi tangu siku ya Sidi nikawaambia, ioge bahari barabara, itoke nuksi. Kitu kilichotaka kumuua mwanangu si kina nuksi?"

Wayua aliushika usukani, akaanza kuiinua pikipiki.

"Tena wewe mwenyewe," Bi Shutu aliendelea, na sasa sauti ilianza kumtetemeka, "kila tukiirudisha wasema, 'Ahsanteni, mmeirudisha kama mpya.' Tukaambiana, muuguzi wetu apenda usafi, tusimwangushe."

Ni kweli. Alikuwa amesema hivyo, si mara moja. Aliipokea ikimetameta akadhani hii angalau ni adabu, akawashukuru, kisha mwisho wa mwezi akaifungua akamtafuta mwenye kosa.

Aliiendesha kurudi Mkuyuni bila kumuaga mtu, sanduku la chanjo limefungwa nyuma, maji yakidondoka kutoka kila tundu la mashine. Alikuwa na hasira na Bi Shutu, na hasira ilipomfika Bi Shutu ilikosa pa kushika, kwa kuwa utamkasirikiaje mtu aliyekufanyia wema kwa mikono miwili? Ikamrudia mwenyewe. Alikuwa amemcheka Muema kwa neno maji. Kila mara gurudumu la nyuma liliposaga alilisikia neno hilo.

Jumamosi Tembo alifika na pikapu yake, mtu mnene mcheshi, viatu vyeupe, kofia ya kumpa heshima. Watu wa Mkuyuni walikuwa wamejaa uwanjani. Pikipiki ilisimama katikati yao na jua linaipiga, inang'aa mpaka unafumba jicho.

"Tazama," Mzee Munyoki alisema, akiizunguka. "Imetunzwa kama mke mdogo."

"Naona," Tembo alisema. Akaiwasha. Ikawaka. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii nitaipeleka Vanga na Jego kwenye samaki. Mzee, mbona mwauza kitu kizuri hivi?"

"Tunataka kununua kubwa zaidi," Munyoki alidanganya bila kupepesa.

Wayua alipita katikati ya watu na spana mkononi. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti, akailegeza nati ya gurudumu la nyuma.

"Wewe!" Munyoki alifoka. "Unafanya nini?"

"Namwonyesha mnunuzi anachokinunua."

"Wayua, acha mara moja! Hii ni amri ya kamati!"

"Kamati nayo ije ione."

Alilivuta gurudumu, akaligeuza. Maji mekundu yalitoka kwa mkupuo, yakarukia viatu vyeupe vya Tembo, na gololi mbili zikafuata. Tembo aliruka nyuma. Akatazama viatu vyake, akamtazama Munyoki, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mzee wangu, hii mmeivua lini? Ina ngisi ndani?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Mimi nauza samaki, sinunui," Tembo alisema. Alimpa mkono Munyoki, akampa mkono Wayua, akapanda gari lake akaenda.

Munyoki alibaki na uso uliovimba. "Umetuharibia! Binti wa kusoma, umetuharibia mbele ya mgeni!"

"Nimekuharibia uongo," Wayua alisema. Alisimama, mikono imejaa kutu, akawatazama wote. "Na nyinyi wengine msicheke. Kila mmoja wenu ameipeleka pikipiki hii baharini. Mmeiosha kwa mchanga na chumvi mpaka imeoza ndani, na mimi nikawashukuru, mjinga wenu mkuu! Sidi hakuangushwa na uzee wa chombo. Muema hakulala. Alitia grisi, tukaitoa sisi. Mnanisikia? Sisi!"

Kisha Bi Shutu akasimama, leso imemteleza begani.

"Ni mimi niliyeiosha zaidi," alisema. "Lakini nieleze, mwanangu. Nikiirudisha chafu, na tope, na watu wanaona, hamtasema Shutu hana mila?"

Wayua alitaka kujibu kwa ukali, maana ukali ndio uliokuwa karibu. Akamwona mama yule anauliza kwa dhati, kama anayeuliza atafunga vipi kidonda.

"Bi Shutu, nisamehe kwa maneno ya Gazi. Irudishe na tope lake. Tope tutalifuta sisi kwa kitambaa. Atakayekusema, niletee."

"Aibu hiyo," Bi Shutu alinong'ona, lakini akaketi.

Kamati ilibishana mpaka jua likapinda. Munyoki alisema basi ioze hapo hapo. Kombe alisema ikioza, kitanda cha kamba kilichombeba mkewe bado kipo kwake, na Mzee Munyoki ataitwa wa kwanza kuja kukibeba. Mwishowe ikakubaliwa: pikipiki haiuzwi, haioshwi, na mwisho wa mwezi haiazimwi hata afe nani. Neno hilo la mwisho lilichukua muda kuliko yote.

Walipokuwa wakitawanyika, Mama Kalekye alimpitia Wayua karibu.

"Uliyoyasema leo ni mazuri," alisema. "Lakini mwanangu hakuwapo kuyasikia. Ulimtukana usoni."

Kesho yake Wayua alimkuta Muema shambani, anapasua kisiki kwa shoka. Hakuacha kazi. Wayua alieleza yote, bahari, kumbi, chumvi, uwanja, na shoka likawa linamjibu: pwa, pwa.

"Nilikukosea," alimaliza.

"Najua."

"Nimesema mbele ya watu wote."

"Nasikia. Mama yangu huko sokoni aliulizwa kama ndiye mama wa yule aliyetaka kumuua Sidi. Hilo nalo umelisema?"

Lilimchoma Wayua, na lilipomchoma hasira yake ya zamani ikainuka. "Na wewe? Ulikuwa unawapa ufunguo kila siku. Uliwahi kumuuliza hata mmoja wanaipitisha wapi? Uliiona kutu, ukasema maji, ukavaa miwani ukaenda zako!"

Shoka lilisimama hewani. "Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza. Ungenipigia kelele!"

"Sijui kukupigia kelele, sista. Hakuna nafasi, unazijaza zote wewe."

Walitazamana, wote wawili wanahema.

"Sirudi kwa ajili yako," Muema alisema.

"Nani alikwambia urudi kwa ajili yangu? Mke wa Garama leo kesho. Mimi siwezi kuendesha na kumshika mzazi kwa wakati mmoja."

Muema alilikita shoka kwenye kisiki, akajifuta jasho kwa fulana. "Umefungua nini?"

"Gurudumu la nyuma. Cheni nimeiloweka kwenye mafuta."

"Na la mbele?"

Wayua aliokota kibanzi cha kisiki, akakitupa.

"La mbele, nakuuliza, liliogea wapi? Nairobi?" Sasa alikuwa anapiga kelele kweli. "Umekaa siku mbili unahutubia watu, na gurudumu la mbele lina chumvi mpaka sasa? Na waya za breki je?"

"Usinifokee!"

"Nakufokea! Leta hizo spana!"

Akatangulia njiani kwa hatua kubwa, na Wayua akamfuata mbio, wakigombana juu ya nani aanze na breki na nani aende Ukunda kutafuta beringi, na kuku wa njiani wakawapisha.